Mtoto wako anapenda kuwapiga picha nyoka na mijusi? Mfundishe umbali

Kama unaishi Bweri, au umewahi kushuka stendi ya mabasi pale na kuyatazama mawe ya mji wa Musoma, huenda umemwona mjusi ninayetaka kuanza naye leo. Dume lake lina kichwa, shingo na mabega ya rangi nyekundu inayoelekea waridi, na sehemu iliyobaki ya mwili ni bluu iliyokolea. Jike ni la kahawia na huonekana kwa shida juu ya jiwe. Jua likianza kupasha, dume hupanda mahali pa juu, huinua kichwa na kukishusha kama mtu anayepiga pushapu.

Wataalamu humwita Agama mwanzae, jina alilopewa mwaka 1923 kutokana na Mwanza. Anaishi kwenye mawe ya kanda yetu ya ziwa hadi Serengeti, ambako watalii waliotoka mbali kuja kuona simba husimamisha gari ili wampige picha naye. Mtoto wa Bweri hahitaji kulipa kiingilio. Anachohitaji ni simu ya mama yake na mchana wa Jumamosi.

Hapo ndipo swali la afya linapoingia. Mjusi akikimbilia kwenye ufa wa jiwe, mtoto humfuata kwa mkono. Akinyanyua jiwe dogo ili amwone vizuri, chini yake anaweza kukuta nyoka. Akimwona nyoka, husogea apate picha ambayo wenzake hawana. Wengine hurudi nyumbani na mnyama mwenyewe, wakamfungia kwenye dumu lililokatwa. Wazazi huniuliza, "Dokta, nimkataze kabisa?"

Jibu langu ni hapana. Kupenda kumtazama mjusi au nyoka hakujamdhuru mtu. Madhara huanza pale mkono, mguu au uso unapofika alipo mnyama. Kwa hiyo usimkataze macho, mfundishe umbali. Mtoto anayekatazwa kila kitu ataenda kwa siri, na mtoto aliyekwenda kwa siri huchelewa kusema amegongwa.

MJUSI HANA SUMU, ILA ANA VIMELEA

Tuanze na habari njema. Hapa kwetu hakuna mjusi mwenye sumu ya kumuua binadamu. Mjusi kafiri anayekula wadudu ukutani hana sumu. Kinyonga hana sumu, ingawa wengi tumekua tukimwogopa. Yule wa mawe mwenye rangi mbili akishikwa anaweza kuuma, lakini ni jeraha dogo. Kenge wa ufukweni mwa ziwa ni wa kuheshimiwa zaidi: ni mkubwa, ana meno na kucha kali, na mkia wake huchapa kama fimbo. Jeraha lolote la kenge lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya kwa ajili ya kidonda na chanjo ya pepopunda.

Tatizo la kiafya la mijusi ni bakteria aitwaye salmonela. Anaishi tumboni mwa mijusi, nyoka na kasa bila kuwaugua, na hutoka na kinyesi chao. Mtoto akimshika mnyama, au akigusa dumu alimofungiwa, kisha akala andazi bila kunawa, humeza bakteria hao. Kati ya saa 6 na siku 6 baadaye hupata homa, maumivu ya tumbo na kuharisha, wakati mwingine kwa damu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kasa wadogo kama wanyama wa kufuga, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakiambukizwa salmonela kutoka kwao.

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona mwenyewe kwa kunywa maji ya kutosha. Lakini wapo ambao bakteria huyu hupita tumboni na kuingia kwenye damu: watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee, wanaoishi na VVU, na wenye selimundu. Nalitaja la selimundu kwa msisitizo kwa sababu Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huu. Kwao salmonela hupenda kwenda kwenye mifupa. Mtoto mwenye selimundu anayelalamika mguu au mkono kuuma, huku ana homa isiyoshuka, asidhaniwe tu kwamba ni maumivu yake ya kawaida. Mpeleke hospitali, na kama kuna mjusi au kasa anayefugwa nyumbani, mwambie daktari. Hatutaliuliza swali hilo mara zote, hivyo litaje wewe.

NYOKA WA KUWAFAHAMU

Nyoka wengi wa Tanzania hawana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini wenye sumu wanatosha kukufanya usibahatishe. Hawa ndio nataka mzazi wa Mara awafahamu.

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, ni mfupi na mnene. Hakimbii. Hutegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, akatulia hadi umkanyage. Anayemwona ametulia hivyo hudhani amelala, akamsogelea na simu. Akigonga, hugonga haraka kuliko macho yako. Sehemu iliyogongwa huvimba, hutoa malengelenge, na nyama yake inaweza kuoza.

Swila huinua kichwa na kutanua shingo. Huyu ana silaha ya pili: hutema sumu akilenga macho, na humfikia mtu aliye mita 2 hadi 3 mbele yake. Fikiria mtu anayepiga picha anavyokaa, ameinama na kusogeza uso mbele. Ndivyo swila anavyompata.

Koboko ni mrefu na mwepesi. Rangi yake ni ya kijivu. Cheusi ni ndani ya kinywa chake. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Kope hulegea, mtu huona vitu viwili viwili, hushindwa kumeza, kisha hushindwa kupumua. Haya yanaweza kutokea ndani ya saa moja.

Boomslang ni nyoka wa mitini. Jina lake la Kiafrikana lina maana hiyo hiyo, nyoka wa mti. Ana macho makubwa na kwa kawaida humkwepa mtu. Ndugu yake ni nyoka mwembamba anayefanana kabisa na kijiti kikavu. Sumu ya hawa wawili huzuia damu kuganda, na hufanya kazi polepole. Nitarudi kwao.

Wa mwisho ni mdogo, mweusi, anaishi chini ya udongo na hutoka usiku, hasa baada ya mvua. Anaonekana kama si kitu. Vijana wanaopenda kushika nyoka humbana nyuma ya kichwa, wakiamini kwamba hapo hawezi kuuma. Huyu anaweza. Jino lake hutokea pembeni mwa mdomo na humchoma aliyemshika hivyo. Hakuna namna salama ya kumshika kwa mkono.

WALIOJUA KULIKO SISI

Kijana akikwambia, "Mama, mimi nawajua nyoka," msimulie habari za watu watatu.

Wa kwanza aliishi hapa hapa nchini. Constantine Ionides, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1968, alikuwa ofisa wa wanyamapori kusini mwa Tanganyika. Huko Liwale na Newala alikamata nyoka kwa maelfu, akawapeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama duniani. Alitumia vijiti virefu vyenye vishikio ili kuweka nafasi kati yake na nyoka. Pamoja na ustadi wote huo, aligongwa mara kadhaa katika maisha yake.

Wa pili ni Karl Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka huko Chicago. Septemba 25, 1957 aliletewa boomslang mdogo kutoka Afrika ili amtambue. Alimshika, akaumwa kwenye kidole gumba. Wakati huo wengi waliamini nyoka wenye meno ya sumu nyuma ya kinywa hawawezi kumuua mtu mzima. Alirudi nyumbani, akawa anaandika kwenye daftari jinsi anavyojisikia. Asubuhi alijiona nafuu, akapata kifungua kinywa. Alasiri ya siku hiyo alifariki, akiwa amevuja damu ndani ya mwili.

Wa tatu ni Robert Mertens, mtaalamu wa Ujerumani. Alikuwa amemfuga nyumbani yule nyoka anayefanana na kijiti. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 80, nyoka huyo alimuuma alipokuwa akimlisha. Alikaa siku 18 akiugua, kisha akafa. Hapakuwa na dawa ya sumu ya nyoka huyo, na hadi leo hakuna.

Sisemi haya ili mtoto aogope. Nayasema kwa sababu mambo mawili yanajirudia ndani yake. Wote walioumwa walikuwa karibu na nyoka kwa hiari yao. Na Schmidt anatufundisha kwamba kujisikia nafuu baada ya kuumwa si kipimo cha kupona. Mtu yeyote aliyegongwa na nyoka, hata kama hana dalili, anapaswa kukaa chini ya uangalizi hospitalini kwa saa 24.

SHERIA ZA KUPIGA PICHA

Kama mtoto wako ni mkubwa wa kutosha kwenda kwenye mawe, mpe sheria hizi na azirudie kwa mdomo wake:

1. Nyoka yeyote, mita 5 au zaidi. Hizo ni hatua kubwa tano za mtu mzima, saba za mtoto. Picha ivutwe kwa simu, asisogee yeye. Picha yenye ukungu si hasara.

2. Hakuna kuingiza mkono kwenye ufa, shimo au kichuguu. Hakuna kunyanyua mawe wala magogo.

3. Viatu vilivyofunika mguu, si ndala. Jioni ni tochi, na tochi imulike anapokanyaga.

4. Asiende peke yake, na nyumbani wajue amekwenda wapi.

5. Nyoka akijiinua au kupuliza, picha imekwisha. Arudi nyuma taratibu. Asimrushie jiwe, asimchokoze ili ajiinue kwa ajili ya picha.

6. Nyoka aliyekufa haguswi. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda.

Kwa mijusi, mtoto anaweza kukaribia zaidi, ila kwa macho. Akitulia kwenye kivuli dakika kumi bila kucheza na mikono, mjusi wa mawe hurudi mwenyewe kwenye jiwe lake.

KUMFUGA NYUMBANI

Hapa msimamo wangu ni mkali. Usimfuge nyoka wala mjusi wa porini nyumbani. Nyoka hazoei mtu kama mbwa anavyozoea. Anayetulia leo mkononi anaweza kuuma kesho kwa sababu mkono una harufu ya panya au kuku. Dumu huanguka, mfuniko huachwa wazi, na kuna mtoto mdogo anayetambaa sakafuni.

Pia kuna sheria. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa. Kijana anayedhani atauza kinyonga kwa mgeni ajue kwamba anajiingiza kwenye kesi. Nyoka akiingia ndani, ondoa watu, funga mlango, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, na muite ofisa wa wanyamapori au uongozi wa mtaa. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua.

Anayetaka kweli kuwaona nyoka kwa karibu ana mahali pa kwenda. Meserani, nje kidogo ya Arusha, ipo bustani ya nyoka, na ina zahanati inayotibu walioumwa. Watamu nchini Kenya kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa mwaka 1980. Kati ya mtoto na nyoka huko kuna kioo.

AKIGONGWA, FANYA HAYA

Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017. Linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kugongwa na nyoka duniani, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokana na muda uliopotea kabla ya kufika hospitali.

Mwondoe mgonjwa karibu na nyoka. Mtulize, mlaze. Vua pete, bangili, saa, shanga na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga ubao au kijiti kilichonyooka kwenye mguu au mkono ulioumwa, kama unavyomfunga aliyevunjika, ili usitikisike. Usikaze. Kisha ondokeni. Akitapika au kulegea, mlaze kwa ubavu. Akiacha kupumua, mpulizie hewa mdomoni mkiwa njiani.

Bodaboda inafaa kama hakuna gari. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma. Nchini Nepal, vijiji vilivyojipanga kuwakimbiza wagonjwa wa nyoka kwa pikipiki namna hiyo vilipunguza vifo.

Usifanye haya: usifunge kamba ya kukaza juu ya jeraha, usichanje kwa wembe, usinyonye sumu, usiweke jiwe jeusi la nyoka, mafuta ya taa wala dawa ya majani, usimpe pombe, usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kwa sababu huongeza kuvuja damu. Nimeona miguu iliyoharibiwa na kamba kuliko na nyoka mwenyewe.

Swila akimtemea mtu machoni, osha macho hapo hapo kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, huku kope zimefunguliwa. Asiyasugue. Usisubiri maziwa wala dawa ya macho ya jirani. Maji uliyonayo ndiyo bora. Baada ya hapo nendeni hospitali, macho yapimwe.

HOSPITALINI

Mgonjwa akifika, kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine wala umeme. Tunachukua mililita 2 za damu, tunaziweka kwenye chupa safi na kavu ya kioo, tunaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha tunaiinamisha. Damu ikitiririka kama maji, sumu imeharibu ugandaji wake. Ikiwa imeganda, tutarudia baadaye kwa sababu sumu nyingine huchelewa.

Dawa ya kupambana na sumu, antivenomu, hutolewa kwa mshipa na hospitalini pekee, kwa sababu inaweza kuleta mzio mkali. Haifai kununuliwa na kuwekwa nyumbani. Wazazi hushangaa tunapompa mtoto wa kilo 15 kiasi kile kile tunachompa mtu mzima. Si kosa. Nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyemuuma ni mdogo, na dawa hupimwa kwa sumu, haipimwi kwa uzito wa mtoto. Ndiyo maana pia watoto huzidiwa haraka: sumu ni ile ile, mwili ni mdogo.

Si kila nyoka ana dawa. Ile tunayotumia kwa kifutu, swila na koboko haimtibu aliyeumwa na boomslang; yake hutengenezwa peke yake Afrika Kusini. Yule mdogo mweusi wa chini ya udongo hana dawa inayofaa. Hao tunawasaidia kwa damu, kwa kutuliza maumivu na kwa uangalizi wa karibu.

Na hapa picha ya mtoto inaweza kuwa na kazi. Kama nyoka alikuwa amepigwa picha kwa mbali kabla ya kuuma, njoo nayo. Lakini kama haipo, msirudi kumtafuta, msimuue ili mtuletee. Tunatibu kwa dalili, na dakika mnazotumia kumsaka ni za mgonjwa.

Kabla ya Jumamosi ijayo, mzazi, fanya mambo mawili. Ulizia zahanati au kituo chako cha karibu ni hospitali gani kati ya zilizo karibu nawe ina antivenomu, na uandike namba ya dereva wa bodaboda anayeweza kukufikisha usiku. Kisha kaa na mtoto wako mtazame picha alizopiga. Muulize alisimama wapi alipompiga kila mmoja. Majibu yake yatakuonyesha kama tayari anajua umbali, au bado unapaswa kumfundisha.